Paa la Darasa la Nne

Jumatatu, 5 Mei 1947

Muhula wa pili umeanza vibaya. Upepo wa jana uling'oa makuti ya darasa langu ukayatupa katika shamba la mihogo la jirani. Madarasa mengine hayakuguswa. Mwalimu Mkuu, Bwana Ngala, alilitazama tundu, kisha akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyepuliza.

Na mwaka wenyewe ndio huu. Mkaguzi atakuja Julai kulitahini Darasa la Nne. Nusu ya watoto wakipita, tutaruhusiwa kufungua Darasa la Tano hapa hapa Kisauni. Wasipopita, Darasa la Nne lenyewe litafungwa, na atakayetaka kuendelea atafute nafasi ng'ambo ya daraja, kisiwani, ambako nafasi hakuna na karo ni ya wenye maduka. Wengi wa watoto hawa watarudi kupalilia mihogo, basi.

Kwa sababu hiyo Ngala amefuta drili, amefuta mpira, amefuta hata kuimba. Ni hesabu na kusoma tu mpaka Julai. Nilimuunga mkono kwa moyo wote. Mimi ni mtu wa kukaa. Watoto wananiita Mwalimu Kiti na wanadhani sijui.

Jumanne, 6 Mei

Tumepata pa kujisitiri. Bi Mwanarehema ametuazima ghala lake la mbata, la kuwekea nazi zilizokaushwa, huko chini karibu na mikoko. Ni mbali, na panatopea.

Jumatano, 7 Mei

Matope.

Jumanne, 13 Mei

Utaratibu wetu ni huu. Asubuhi watoto hujipanga shuleni, huhesabiwa, huomba, kisha Darasa la Nne huondoka kwenda ghalani. Njia inapita mashambani, inavuka mtaro kwa gogo, halafu inateremka. Mimi natembea kwa heshima zangu, mwavuli juu. Wao hawatembei. Wanakimbizana, wanaruka madimbwi, wanasukumana juu ya gogo, na nikifika ninawakuta wameketi juu ya magunia wanahema na nguo zinafuka mvuke.

Bi Mwanarehema ni mtu wa ukoo wa zamani wa huku, mjane, na ulimi wake haujafiwa. Leo alikuwa barazani kwake ananingoja.

"Shikamoo, Bi Mwanarehema."

"Marahaba, mwalimu. Wana wako wamefika zamani. Wewe wapitia ndia gani, ya Malindi?"

"Matope, bibi."

"Matope yako nawe tu? Ndoo ukae, mato yamekutoka."

Nilikaa. Akawagawia watoto mihogo ya nazi, akisema hakuna mwana atakayesoma katika ghala lake na ndaa.

Jumanne, 20 Mei

Leo nimeishiwa na maswali. Nilikuwa nimeandaa hesabu za kichwa za kutosha asubuhi nzima, zikaisha mapema. Kache, binti wa Kombe wa Mishomoroni, ambaye tangu Januari nilikuwa nimekwisha kumkatia tamaa, alinijibu robo tatu ya ishirini na nne kabla sijafunga mdomo. Nikamuuliza nani amemnong'oneza.

"Abee, mwalimu, hakuna. Nimeiona tu."

Nimekaa na neno hilo jioni nzima. Ameiona tu! Kwangu mimi mwenyewe namba haikuonekana hivyo mpaka nilipofika chuo cha ualimu.

Ijumaa, 23 Mei

Wote wanaendelea vizuri. Hata Barakat, mtoto wa Bwana Yeslam mwenye duka, ambaye kwa kawaida huamka wakati wa kwenda nyumbani.

Ngala anasema ni kwa sababu amefuta drili. Bi Mwanarehema anasema ni mihogo yake. Mimi najua ni ufundishaji wangu, ila sikusema, kwa kuwa kizuri chajiuza.

Jumamosi, 31 Mei

Siku kubwa. Wazazi wamekuja kuezeka darasa.

Aliyewaita ni Kombe, baba yake Kache, mwenyekiti wao. Ni mkwezi wa minazi, na ana sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza na watu walio chini. Nakiri sikuwahi kumpenda. Kila akija shuleni huja kuuliza kwa nini. Lakini leo nilimwona mtu mwingine. Aliwaita kwa mweria, kama Wagiriama wanavyoitana kulima: mwenye kuti aje na kuti, mwenye kamba aje na kamba, na hakuna wa kulipwa. Walikuja kutoka Mishomoroni na huku kote, Wakristo na Waislamu. Wanawake walibeba vichwani makuti waliyosuka wiki nzima huku mvua ikiwapiga. Bwana Yeslam alileta misumari. Bi Mwanarehema alileta sufuria la wali na kuketi kando yake kama askari.

Kombe hakushuka kutoka juu ya paa tangu asubuhi. Alifunga kila kuti kwa mkono wake, akarudi akalivuta kuona kama limekaza, na lililolegea alilifungua akafunga upya. Mvua ilimteremkia mgongoni naye hakuifuta. Alipomaliza alikuwa na vidole vinavyovuja damu. Nilimpa maji ya kunawa mwenyewe.

"Sasa hawana udhuru, mwalimu," akaniambia. "Wakae ndani wakauke, wasome. Mimi sikukalishwa chini hata siku moja katika utoto wangu, ndiyo maana niko juu ya minazi."

Jumatatu, 2 Juni

Tumerudi nyumbani, darasani kwetu. Halikuingia hata tone. Nimekalia kiti changu na nimemshukuru Mungu.

Jumatatu, 9 Juni

Sielewi. Watoto wamekauka, wamenyamaza, wameketi vizuri, na hawajui kitu.

Robo tatu ya ishirini na nne imekuwa mlima tena. Kache alitazama makuti ya baba yake kwa muda mrefu, nikadhani anaitafuta namba huko juu, kisha akasema, "Sita?" Nikamkaripia, na baadaye nikajuta, maana macho yake yalikuwa yanataka kuniridhisha na hayawezi. Mtihani ni mwezi ujao.

Jumatano, 11 Juni

Nimemeza kiburi nikamwendea Bi Mwanarehema kumwomba mihogo.

"Kumbe!" akacheka mpaka akashika mbavu. "Na ile elimu yako yote, mwalimu?"

Ametuma sufuria la mihogo mpaka shuleni. Wamekula vizuri sana. Kipindi kilichofuata nusu yao walisinzia, na Barakat alikoroma.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeona! Naandika haraka nisije nikajibishana na nafsi yangu.

Kenga, mmoja wa watoto wangu, anatoka mbali, nyuma ya Mishomoroni. Kila siku huchelewa, kwa hiyo kila siku huja mbio. Barakat huletwa na baba yake, amekaa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli kama liwali. Leo nilimuuliza Kenga swali akiwa ndiyo kwanza anaingia, kifua kinapanda na kushuka, akajibu kabla hajakaa. Nilimuuliza Barakat, aliyefika zamani na kupumzika vizuri, akanitazama kama mgeni. Kumbe ni hivyo kila asubuhi, na mimi nilikuwa nikimpiga Kenga fimbo ya kuchelewa! Baadaye, Kenga alipokwisha kukaa kutwa nzima kama wenziwe, naye alizimika kama wenziwe.

Lakini kule ghalani Barakat alikuwa mwepesi. Na njia ya ghalani haina baiskeli. Barakat alikimbia kama wote.

Si mihogo. Si ghala. Si ufundishaji wangu, na hili limeniuma kidogo. Ni zile mbio za matopeni. Mwili ukichemka, kichwa nacho kinaamka. Wamekuwa wakiniambia kwa wiki zote hizi, na mimi nimekuwa nikija nyuma yao na mwavuli.

Jumanne, 17 Juni

Nimemwomba Ngala aniruhusu kuwakimbiza watoto kila asubuhi kabla ya hesabu, mpaka ghalani na kurudi.

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni, Kefa," akasema. "Mkaguzi wa mwaka jana alisema shule hii inacheza mno. Maadamu darasa lina paa, mtoto hatoki saa za masomo. Wazazi wametokwa damu kwa ajili ya paa lile."

Hapo kwenye damu hakusema uongo. Nikajaribu kuwarukisha ndani, kila mtoto mahali pake. Benchi moja limevunjika na Ngala amesikia.

Alhamisi, 19 Juni

Ngala alikwenda mkutanoni kisiwani. Nikawatoa. Kulikuwa na manyunyu. Walilizunguka shamba la mihogo wakipiga kelele kama ng'ombe waliofunguliwa zizini, na waliporudi tulifanya hesabu ambazo sikutarajia kuzifundisha kabla ya Septemba. Kache alijibu, akanieleza njia yake, kisha akageuka kumweleza na Nadhira aliye nyuma yake. Nilisimama tu kuwasikiliza. Nawapenda sana watoto hawa.

Jumamosi, 21 Juni

Kache ana homa.

Kombe alikuja nyumbani kwangu asubuhi. Hakukubali kukaa.

"Mwalimu, ni kweli uliwatoa watoto mvuani?"

"Ni kweli, Bwana Kombe."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, kwa maana unamwambiaje mtu kwamba zawadi aliyokupa ndiyo inayokudhuru? Nilisema watoto wanafikiri vizuri zaidi wakitoka mbio, na tangu paa lirudi hawakimbii, na tangu waache kukimbia wamelala. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mkono wake wa kulia bado ulikuwa na makovu mapya ya kamba.

"Kwa hiyo paa langu ndilo linaloua akili ya mwanangu."

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Shukrani ya punda ni mateke, mwalimu."

Akaondoka.

Jumatatu, 23 Juni

Ngala ameambiwa yote. Nikiwatoa tena nje atanishtaki kwa misheni, wenye shule. Nimeahidi.

Jumanne, 24 Juni

Mahali pa Kache patupu. Mvua kutwa.

Alhamisi, 26 Juni

Nimekwenda Mishomoroni kwa miguu kumwangalia. Nilianguka njiani, nikafika nimetapakaa tope mpaka shingoni. Mama yake Kache aliponiona alikimbilia maji kabla hata ya salamu. Kombe alitoka, akanitazama kutoka juu mpaka chini, na nikaona midomo yake inashindana na kicheko.

Kache alikuwa amelala mkekani, homa imeshuka. Alitaka kuamka aniamkie, nikamzuia.

"Mdogo wake naye ana homa," akasema Kombe, "na yeye hajakimbia popote, hata kutembea bado. Kwa hiyo homa nimekusamehe. Paa bado sijakusamehe."

"Sijaja kuomba msamaha wa paa. Ni zuri mno. Sijapata kuona kazi kama ile."

Akanipa dafu. Tukakaa tukitazama mvua, na baada ya muda akauliza, kwa sauti ambayo sikujua kuwa anayo, ndogo:

"Kache atapita?"

"Kwa hali hii, hapana. Wala wenziwe."

"Na wakikimbia?"

"Nadhani watapita."

"Unadhani, au unajua?"

Hapo alinishika. Nikasema ukweli: nadhani.

"Jumamosi Ngala hana amri na watoto wetu. Kache akiwa na nguvu, nitawaleta ghalani kwa Bi Mwanarehema. Nionyeshe."

Jumamosi, 28 Juni

Siku hii nitaiandika yote.

Darasa zima lilikuja. Bi Mwanarehema aliketi mlangoni, na Kombe akasimama katikati ya ghala. Mimi nilitaka kuuliza maswali, akanikataza.

"Wewe utawapa unayojua wanayajua. Nitauliza mimi."

Kombe hajui kusoma, ila nazi za watu amezihesabu maisha yake yote. Na alikuwa mjanja kuliko nilivyofikiria. Aliwaacha wote wakae kwanza asubuhi ile, kimya, mimi nikiwahubiria habari za usafi wa meno. Kisha akauliza kila mtoto peke yake, mlango umefungwa wasisikilizane, na wengi walitutazama tu. Baada ya hapo aliwagawa. Nusu wabaki kitako, nusu wakimbie mpaka kwenye mikoko na kurudi, waende tena, warudi tena. "Nikiwakimbiza wote," akasema, "utaniambia ni mbio, na mimi nitasema ni kuzoea maswali tu." Kache, kwa ajili ya homa, aliwekwa na wa kukaa.

Waliokimbia walijibu. Waliokaa waliendelea kututazama. Barakat, aliyekimbia, alipiga hesabu ya magunia ambayo mimi mwenyewe ilibidi niirudie moyoni. Bi Mwanarehema akasema, "Wallahi, na mihogo sijaipika." Lakini Kombe hakutikisika.

"Sasa wabadilishane," akasema. Kisha akamtazama binti yake. "Wewe nenda polepole, mwanangu. Ukichoka urudi."

Hakurudi. Aliondoka kwa mwendo wa kawaida, kisha tukamwona kwa mbali anakimbia. Kombe alitoka akasimama kwenye mvua mpaka alipomwona anapanda kurudi, uso unang'aa, leso imeanguka mabegani. Alimuuliza pale pale nje.

"Nina nazi mia mbili na arobaini. Nimewagawia wakwezi wanane sawasawa, kisha kila mkwezi akanirudishia tano. Kila mmoja amebaki na ngapi?"

"Ishirini na tano, baba."

"Na mimi nimerudishiwa ngapi?"

"Arobaini." Kisha, bila kuulizwa, "Na ungetaka wabaki na ishirini, ungewaambia warudishe kumi."

Asubuhi ile ile, amekaa juu ya gunia, alikuwa ameshindwa hata kuwagawia nazi wakwezi watatu.

Kombe alimfunga binti yake leso vizuri, akawakusanya watoto, akaondoka nao. Nilidhani ameniudhikia zaidi. Bi Mwanarehema akaniambia, "Mwache. Mwenye kuvuliwa nguo hachutami mbele za watu, huenda kwanza akajisitiri." Sijui kama methali yenyewe ndivyo ilivyo, ila nilimwelewa.

Jumatatu, 30 Juni

Nilipofika shuleni alfajiri ilikuwa inapambazuka na niliona watu juu ya darasa langu.

Walikuwa wanaliezua.

Kombe alikuwa juu kabisa, na wale wale waliokuja siku ya mweria walikuwa chini wakiyapokea makuti na kuyapanga kando, moja moja, kwa adabu. Hakuvunja hata moja. Alifungua kila fundo alilolifunga kwa mkono wake, na lililokaza mno alilifungua kwa meno.

Ngala alikuja anakimbia, miwani mkononi.

"Kombe! Una wazimu? Mtihani wiki ijayo!"

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu," Kombe akajibu kutoka juu. "Si umesema darasa lenye paa watoto hawatoki? Hili sasa halina."

"Hili ni jengo la shule!"

"Kuta ni za shule. Makuti ni ya mweria. Tuliyaleta wenyewe, tunayaondoa wenyewe. Mvua hii, bwana, watoto hawawezi kukaa humu. Itabidi waende ghalani. Pole sana."

Watu wakacheka, lakini mimi sikuweza. Nilikuwa nimeona vidole vyake. Nimesoma na watu wanaoheshimika ambao hawajapata kufuta hata sentensi moja waliyoiandika vibaya, na huyu, mbele ya kila aliyemwita, amelifuta paa zima. Miezi yote hii nilimwona mtu wa kelele. Natamani ningekuwa na nusu ya ujasiri wake.

Ngala alitazama anga, akatazama tundu. Kisha akavaa miwani yake.

"Darasa la Nne," akasema, "ghalani."

Wakaondoka mbio.

Alhamisi, 3 Julai

Kache ameiona tena.

Jumatano, 9 Julai

Mkaguzi amekuja. Ilibidi naye ateremke matopeni mpaka ghalani, na alinuna njia nzima. Bi Mwanarehema alimpa kahawa na kumwuliza kama kwao hakuna mvua. Watoto walikuwa wamekwisha kufika, wanahema. Alitaka kujua wanaugua nini. Ngala, Mungu ambariki, alijibu kabla yangu: "Hawaugui, bwana. Ndivyo tunavyoanza hesabu."

Nilisimama nje muda wote wa mtihani. Sikuweza kukaa.

Ijumaa, 11 Julai

Mkaguzi alimwambia Ngala, na Ngala akatoka uani tulipokuwa tumesimama na wazazi na watoto. Alijaribu kulisema kwa utaratibu wa kiofisi, akashindwa.

"Zaidi ya nusu," akasema. "Darasa la Tano tumepewa." Kisha akataja majina, na la Kache lilikuwemo, na la Kenga, na la Barakat, ambaye baba yake alimpandisha kwenye baiskeli kwa furaha kisha akamshusha haraka.

Kombe hakupiga ukelele. Aliniangalia. Akageuka, akakaza kikoi, akapiga mbio kuelekea Mishomoroni kumwambia mkewe. Nilimwita. Hakusikia. Nami sijui kilichoniingia, nikamfuata.

Tulikimbia watu wazima wawili katikati ya mashamba, na watu waliacha majembe kututazama. Tulipofika kwake hakuna kati yetu aliyeweza kusema. Mama yake Kache alituona tumeshika magoti, tunahema, macho yametutoka, hatusemi, akadhani ni msiba. Akashika kichwa na kuanza kulia. Kombe akawa anapunga mikono, hapana, hapana, na mimi nikamwonyesha Kombe kwa kidole, naye akanionyesha mimi, na yule mama akazidi kulia.

Ndipo Kache alipotoka nyuma ya nyumba, alikokwenda kumtafuta mama yake. Alikuwa ametupita kwa njia ya mkato, zamani, na pumzi yake ilikuwa imekwisha kutulia.

"Mama, usilie," akasema. "Nimepita."